Shofepla ya Mama Darlène

Mama Darlène ni jirani yangu hapa kambini Dzaleka na tunashona chini ya bati moja, kwa hiyo nikisema ni mbishi, nasema kwa ushahidi. Ukimwambia jambo haliwezekani anakutazama, anakata uzi kwa meno, anakwenda kulifanya.

Jina lake la ubatizo ni Antoinette. Siku ya dote yake, ya kutolewa mahari, Bukavu, mwaka 1991, wakwe walikula chakula kilichopoa. Ni hilo tu! Hakuna aliyekufa. Lakini mama mkwe wake, M'Zihindula, alilibeba jambo hilo hadi Malawi. Vita ilimnyang'anya nyumba, mume na mwana, ila hadithi ya sombe baridi, kisamvu cha siku ile, hakuiachia. Hata akipewa chai: "Leo iko moto? Maana siku ile balitupatia chakula kama ya bafungwa." Mama Darlène anamwongezea sukari. Miaka ishirini na tatu!

Mwaka 2014 Darlène akapata mchumba, Sylvain, mtoto wa watu wa Bukavu wenye duka Nathenje. Wakwe wakasema watakuja Jumamosi. Na dote zetu mnazijua: chakula kinapikwa kabla wageni hawajafika, na hakiguswi hadi wasemaji wa pande mbili wamalize. Na wasemaji, jamani, wanavyopenda kusikia sauti zao!

"Mi sitaki hotpoti," Mama Darlène akaniambia. "Nataka shofepla, ile ya hoteli, yenye maji chini na moto chini ya maji. Bakwe batakula moto, na mama mukwe atakula moto nikimuangalia."

Tukapanda minibasi hadi Lilongwe. Aibu aliyonipa huko! Dukani tulioneshwa shofepla inayong'aa, kifuniko cha kioo. Akafunika, akainama, akaona mwanga unapita pembeni. "Mvuke itatorokea hapa," akasema. Zikomo, asante, tukatoka. Tukaelekezwa nyumba moja ya Area 18, kwa mama aliyewahi kupikia maharusi na sasa anauza vyombo vyake. Alikuwa na mbili, zimebonyea ubavuni, nzito, lakini vifuniko vimekaa sawasawa. Mama Darlène akaomba maji yanayochemka, akamimina trei ya chini, akafunika, akavuta kiti akakaa. Nusu saa! Alipotia kidole akakitoa haraka, akatabasamu.

Akazilipia zote mbili, na mwenye nyumba akamfundisha. Chombo hiki hakipiki, kinatunza tu. Chakula kiingie kikiwa moto, maji ya chini yawe moto tayari. Mkebe wa moto, ule wa mafuta unaokaa chini ya maji, ukiufunika unazimika, na kilichobaki utakiwasha tena baadaye. Bugali usiweke humo, itatoa jasho.

Jumamosi, saa sita, sombe na nyama ya mbuzi zilikuwa ndani ya shofepla. Wageni wa saa sita hawakuonekana. Saa saba simu ikaja: gari limekufa njiani. Hapo ndipo M'Zihindula alipoanza kutembea. Safari hii yeye alikuwa upande wa binti, upande wa kungoja. Anakwenda barabarani, anarudi.

"Bado?"

"Bado, Mama."

"Chakula itapoa!"

"Haitapoa," Mama Darlène akajibu, wala hakuinua kichwa.

Alifunika mikebe ikazimika, isije ikaisha bure. Mbabula, jiko letu la makaa, ikachemsha maji, na kila maji ya chini yakianza kupoa anayamwaga, anatia mengine. Mikono ikamwiva. Kitenge chake kipya kikalowa mbele chote. Nikamwambia akabadilishe.

"Bakwe habatakula kitenge," akanijibu. Nikachochea makala.

Wakafika saa kumi. Msemaji wao, baba mdogo wa Sylvain, akaanzia kwa babu wa babu yake. Nusura nimrushie kiatu. Mama Darlène yeye alikuwa ameshawasha mikebe upya, amesimama kando ya vyombo vyake kama askari. Maneno yalipokwisha, watu wamelegea kwa njaa, akamwita mama mkwe wake kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Mama, fungua weye."

M'Zihindula akainua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma. Akachota sombe kidogo, akaonja.

"Yoo! Iko moto!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alibaki na kijiko mkononi, kisha akasema kwa sauti, mbele ya wakwe wote:

"Siku ya dote ya Antoinette, sisi njo tulichelewa. Masaa tano. Mama yake alitungojea mpaka makala ikamuishia. Alipiga magoti akatuomba radhi juu ya chakula, na mi nikamuacha aombe."

Mama huyo wa Antoinette alizikwa Bukavu zamani, hakuwahi kulisikia hilo. Mimi damu ilinichemka. Ningekuwa Antoinette, siku ile wangenijua! Nikamgeukia. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Akachukua sahani, akapakua sombe, akaongeza nyama, akampa mama mkwe wake kwa mikono miwili.

"Kula, Mama," akasema. "Ikingali moto."