Mzazi Hapigwi Chenga

Binti yangu alijifunzia chenga kwenye korido ya ghorofa letu huku ughaibuni, mtaa wa Thorncliffe Park, miaka ya tisini, kwa gongo la kuokota na mpira wa soksi. Jioni moja natoka kiwandani, mifuko mikono yote miwili, akanijia kasi. Akainamisha bega kushoto, nami nikaenda kushoto. Kumbe mwenzangu keshapita kulia! Nikajibamiza ukutani, nyanya zikatawanyika hadi kwenye lifti. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nikawaka. "Mimi rika lako? Mzazi hapigwi chenga! Mkubwa unamwamkia, unampisha, basi!"

Akaniomba radhi kwa Kiingereza, kama alivyonijibu kila kitu, akaokota nyanya.

Majira yale ya baridi timu ya mtaa ilikuwa inachagua watoto wa kucheza mpira wa magongo barafuni. Mtoto hakutaka kitu kingine duniani. Gongo alilala nalo kitandani. Siku ya majaribio mabeki walipungua, kocha akauliza kama kuna baba anayeweza kusimama kwenye barafu. Mimi huyo! Nilikuwa nimejifunza kuteleza kwa kusukuma kiti barafuni, basi nikajiona fundi.

Binti akaja na kile kisahani cheusi cha mpira wanachokigombania. Beki wa kwanza, mtoto mwenzake, akala chenga akakaa chini. Wa pili hivyo hivyo. Wa mwisho nilikuwa mimi, nimetanua miguu. Jamani, hata marehemu bibi yangu angenipita. Akanitazama usoni, akapunguza mwendo, akakisukuma kisahani taratibu hadi kwenye gongo langu, kama anayemkabidhi mkubwa kikombe cha chai. Watu wakashangilia. Nami, mjinga, nikainua gongo juu.

Baadaye kocha akatuita. "Kasi anayo," akasema, "ila akikutana na beki mkubwa anaogopa. Mwaka huu hapana."

"Ni kweli," binti akamjibu. "Naogopa."

Nikaelewa palepale. Maneno ya kumweleza kocha yalikuwa mdomoni: kwamba mtoto haogopi, ni mimi niliyemkataza. Lakini kina baba wengine walikuwa wamesimama pale, wengine bado wananipongeza, nikaona aibu. Nikasema asante. Asante ya nini, sijui.

Kwenye gari hakulia. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama kwenye kioo, na soni ile haijanitoka hadi leo.

Kesho yake nilitoka koridoni mikono mitupu, nikasimama katikati, nikatanua miguu. "Haya, mwanangu, nipite. Nipige chenga. Baba amekuruhusu."

Gongo lilikuwa mkononi mwake. Akaliegemeza ukutani.

"Shikamoo, baba," akasema, akapita pembeni ameinama kidogo, kama nilivyomfundisha.