Kona ya Bonifasia

Watu wa kijiji chetu, njia ya Litembo, walimfukuza Bonifasia kwa sababu ya waya. Nalisema mapema ili msije mkamtafuta mchawi humu.

Bonifasia ni mjane, jirani yangu tangu tuolewe. Mikono migumu, maneno machache. Akikuta shimo la ngolo, lile la kushika maji kwenye shamba la mlimani, limejaa udongo baada ya mvua atalizibua, hata kama shamba ni lako, wala hatakwambia. Nyumba yake iko penye kona kali ya kushoto ukitoka Mbinga, na kahawa yake inatolewa macho na ukoo mzima wa marehemu mumewe.

Frederick, mtoto wa shemeji yake Romanus, ni dereva wa bodaboda. Pikipiki yake ikaanza kuzima mlangoni pa Bonifasia. Jioni akirudi, akikata kona tu, injini kimya, taa kimya. Akiisukuma mpaka inyooke, anapiga kiki, inawaka. Asubuhi akienda haizimi.

"Mama mkubwa ananingoja nirudi na hela," akasema kilabuni. Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

Mafundi wakabadilisha plagi, koili, mpaka betri. Kila mmoja aliiweka kwenye stendi, usukani umenyooka, ikawaka vizuri. Pikipiki za wengine zilipita pale bila tatizo, nikauliza mbona hizo haziguswi. Wakanijibu uchawi huanzia ndani ya ukoo. Kwa akili hiyo, kinga ni kuzaliwa peke yako duniani.

Ukoo ukakaa kikao. Mzee Romanus akasema kwa sauti ya upole, ile ya kumwita kuku siku ya kuchinjwa: "Shemeji, nenda ukapumzike kwa binti yako Mbaha."

"Kwani nimechoka?" Bonifasia akauliza.

Wakainuka kuagana. Akashuka Mbaha ziwani na kigunia cha nguo.

Kesho yake nilipanda nyuma ya Frederick kwenda Mbinga kutafuta mbolea. Alipokunja kushoto kuingia kwenye gereji ya Sadiki kujaza upepo, pikipiki ikazima.

"Baba," nikamwambia, "mama mkubwa wako yuko Mbaha. Hapa kafikaje, kwa basi?"

Nikamwomba Sadiki aiwashe, kisha ageuze usukani. Kulia, inanguruma. Kushoto mpaka mwisho, kimya. Sadiki akafungua nyuma ya taa kubwa. Waya unaotoka kwenye swichi ulikuwa umekazwa kwa mpira wa tyubu pamoja na nyaya za redio. Ganda zima, shaba ya ndani imekatika. Usukani ukikunjwa kushoto ncha zinaachana, ukinyooka zinagusana.

"Redio hii alifunga nani?" Sadiki akauliza.

"Mimi."

Sadiki akauunga waya, akauachia nafasi ya kucheza. Jioni tukaikata kona injini inaunguruma. Waliokuwa barabarani wakapiga makofi.

"Mnaona? Kaondoka, inawaka," mmoja wao akasema.

Nikashuka. "Ni waya. Frederick, waambie."

Frederick akainama kukagua tairi lisilo na ubaya wowote.

"Matilda," akasema Mzee Romanus, "waya hatuukatai. Kwani uchawi ulitaka upite wapi?"

Wakamcheka nani? Mimi.

Siku chache baadaye nilimfuata Bonifasia Mbaha. Nikamkuta kwa binti yake anaanika usipa, visamaki vya ziwani, jasho linamtiririka. Mtu wa milimani joto lile halijui. Nikamweleza yote, waya na makofi.

"Frederick alikuwepo?"

"Alikuwepo."

"Akasemaje?"

"Alikagua tairi."

Akaendelea kugeuza usipa. "Kahawa yangu anachuma nani?"

"Yeye na baba yake."

"Wanachagua nyekundu?"

"Wanakomba zote, hata mbichi. Na matawi wanavunja."

Hapo akaacha kazi, akakaa mchangani. Mkulima hakombi kahawa mbichi kwenye shamba ambalo mwenye nalo atarudi kuliangalia, na hilo halikuhitaji mimi nimfafanulie.

"Basi walishajua kuwa sirudi," akasema.