Ekzosi Isiyonguruma

Mnisamehe mwandiko wangu na makosa yake. Niliishia darasa la saba na mkono wangu ni mzito. Leo pikipiki imepita hapa shambani ikaacha harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, nami nimeshindwa kuendelea kupalilia.

Nilipokuwa mdogo, kaka yangu aliunda ndege ndogo ya kuongozwa kwa rimoti. Injini, yenye harufu hiyo hiyo, aliitoa kwenye mashine mbovu ya mjomba ya kupulizia dawa vitunguu kule Mang'ola. Ikabaki ekzosi, bomba la kutolea moshi. Kwa fundi pale Karatu tulikuta mbili: nyepesi inayonguruma, na nzito isiyo na kelele.

"Chukueni inayonguruma," fundi alicheka. "Ndege bubu ni tiara tu, dogo!"

"Mama anaumwa," kaka alijibu. "Kelele zitampasua kichwa."

Tukachukua ile bubu. Jioni ndege ilizunguka juu ya mahindi, ikapita juu ya paa letu, ikatua salama kwenye vumbi jekundu. Tukakimbilia ndani kumweleza mama. Alikuwa amelala ameelekea dirishani, kitambaa cha kichwani amekivua ili masikio yabaki wazi.

"Wanangu, mbona hamjairusha? Nasikiliza tangu mchana."

Kaka aliniangalia. "Kesho, mama. Kesho utaisikia."

Asubuhi alikwenda mjini kuibadilisha ile ekzosi. Aliporudi na ile inayonguruma mkononi, majirani walikuwa wameshatoa mabenchi nje, na wanawake walikuwa wanalia.

Ndege ile haijaruka tena. Wewe unayesoma, kama mama yako yupo, muulize anapenda kusikia nini, kisha uniandikie alivyokujibu.