Nani Alikuwa Anamuumiza Paka Wangu

Mama mkwe wangu hakuficha: paka ni wa kushika panya, si wa kulalia viti. Alikuja kwetu Kitale kutoka Bungoma na kuku wawili waliofungwa miguu, akamtazama paka wangu aliyejikunja kwenye sofa, akacheka. "Ati huyu naye ni mtoto wa hapa?" Nikacheka pamoja naye, lakini neno lile lilinikaa rohoni.

Haikupita wiki paka akaanza kutapika. Alijikunyata chini ya kiti, mgongo kaupinda, nikimgusa tumbo ananguruma, yeye ambaye hakuwahi kunionyesha hata ukucha. Nami nilikuwa nimeona pakiti ya dawa ya panya ndani ya kikapu cha mama mkwe. Sasa mtu anabeba dawa ya panya kwenda nyumba iliyo na paka ya nini? Niambie.

Daktari wa mifugo alizoea ng'ombe zaidi, lakini alimpapasa polepole, akamtoa damu, akasema si sumu. Kongosho limevimba, na hilo lina maumivu makali. Akamtundikia maji, akamdunga sindano, akanipa dawa ya maumivu ya kumdondoshea mdomoni. Panadol nisithubutu, inaua paka. Akianza kula, ale kidogo kidogo, na mafuta asiyaguse kabisa. Yote niliyasikia, ila hilo la "si sumu" sikulimeza.

Nikamhamishia chumba chetu cha kulala. Kwetu mama haingii chumba cha mwanawe aliyeoa, ni mwiko, na ndiyo maana nilichagua huko. Nikamtandikia gunia na sweta yangu kuukuu, nikawa namchambulia samaki wa kuchemsha. Siku aliyojilamba tena makucha nililia kwa furaha.

Kisha akarudi kutapika. Akapata nafuu, akaanguka tena, na kila akianguka ni siku ambayo mimi nimeenda kazini. Nyumbani kabaki nani?

Nikamwambia mume wangu aongee na mama yake. "Mama yangu aue paka? Wacha hizo, bana! Hiyo dawa alinunua Kimilili, ni ya ghala lake." Lo! Mtoto wa mama huyo. Na mimi, mke tu, ningemwuliza mama mkwe jambo kama hilo kwa mdomo gani? Nikabaki kunusa bakuli na kupekua taka kama mwendawazimu.

Siku moja nikatoka kazini mapema, nikavua viatu nje, nikapitia mlango wa jikoni. Mlango wa chumba changu ulikuwa wazi.

Mama alikuwa amepiga magoti kando ya gunia, kijiko mkononi, na kikombe cha supu ya kuku iliyotanda mafuta ya manjano. "Kunywa, mama, kunywa upate nguvu," alimbembeleza paka. Aliponiona aliinuka kwa aibu, akajishika kitambaa cha kichwa.

"Usimwambie mwanangu niliingia humu," akasema. "Ukienda kazini huyu analia, nashindwa kukaa. Si mgonjwa hupewa supu? Hiyo samaki ya maji matupu itamwinua aje?"

"Mama," nikasema, "daktari alikataza mafuta. Hayo mafuta ndiyo yanamrudisha chini."

Akakitazama kijiko. "Kwa hivyo ni mimi nimekuwa nikimuua."

Neno hilo nilikuwa nimelingoja siku zote hizo. Sasa limetoka, na sikulitaka tena. Nilikichukua kikombe, nikamwambia mama kwamba paka atapona, nikamwomba akae nasi amwone akipona.

Alipona kweli. Lakini mama alikuwa ameshafunga kikapu chake akarudi Bungoma. Siku hizi akija kututembelea, paka wangu akimsogelea, anakunja mikono yake na kuibana makwapani.