Jilala Aliyemeza Maji

Wajinga nimewaona wengi, na baadhi yao nimekunywa nao pombe, lakini wa pili wa Jilala wa Songwa sijapata kumwona. Alikuwa jirani yangu, mzaliwa wa kwanza kwao, mwenye ng'ombe wengi na kinyongo kikubwa kuliko zizi. Baba yake alipokuwa anakufa alimwachia karibu ng'ombe wote, ila dume moja jeusi akampa mdogo wake, Mageni. Basi! Tangu hapo Jilala hakumpa ndugu yake hata salamu. Dume lenyewe lilikwisha kufa, tukalila, na ngozi yake Mageni akailalia mpaka ikatoboka. Jitu zima na ndevu zake lilikuwa bado linalililia.

Binti wa kwanza wa Jilala, Klara, alipofariki kwa surua, Mageni ndiye aliyewahi kufika na jembe, akachimba kaburi. Jilala alipomwona mle shimoni aligeuza njia akaenda machungani. Ndiyo, machungani! Mkewe, Paskazia, akamzika mtoto pamoja nasi majirani.

Mwaka wa 1949 mvua ikatukataa. Ng'ombe wakawa wanatafuna nyasi za mapaa. Tukakubaliana kuhamia Geita, ambako mapori yalikuwa bado na malisho na maji. Mabula, kaka yake Paskazia, akawa kiongozi wa msafara, na Mageni alikuwemo. Desturi yetu ilikuwa moja: kabla kundi halijang'oka, kila mtu mzima aseme waziwazi lililomkaa moyoni, apige funda la maji ya kibuyuni, ayateme chini mbele ya wote. Asiyetema haendi. Huko porini kuna simba, na hakuna anayetaka kulala karibu na mtu anayemchukia.

Siku ya kuondoka tukakusanyika zizini kwa Jilala, Paskazia akatangulia. Akamtazama mumewe usoni.

"Baba Klara, hukumzika mwanetu kwa sababu ya ng'ombe. Nimelibeba hili mpaka limenichosha. Siendi nalo Geita."

Akapiga funda, akatema. Nililia, wala sioni haya kusema.

Ikaja zamu ya Jilala. "Mageni, yameisha," akasema, kama mtu anayeumwa jino. Akapiga funda. Tukasubiri. Mashavu yamejaa, macho yamemtoka, anamkodolea mdogo wake. Kisha koo likapanda, likashuka. Akayameza! Mchana kweupe! Sijui alidhani sisi vipofu?

"Shemeji, umemeza," Mabula akamwambia.

"Yameniponyoka."

Akapewa kibuyu tena. Akameza tena. Safari hii akafuta ndevu tu.

Watu wakaanza kunung'unika. Mageni akasimama. "Kaka ana watoto," akasema. "Mwacheni aende. Nitabaki mimi."

Na Jilala akatabasamu. Mdogo wake anajitolea kubaki kwenye ukame, naye anatabasamu kama aliyeshinda kesi barazani! Nilitamani kumzaba kibao. Lakini Paskazia naye alikuwa ameliona lile tabasamu. Akajitwisha mzigo wake, akawaita wanawe wawili.

"Shemeji Mageni, chukua fimbo yako twende," akasema. "Kaka Mabula, mimi na wanangu tutakwenda na ng'ombe wako. Hawa wa Baba Klara tumwachie mwenyewe, maana ndio anaowapenda."

Jilala akashtuka. "Paskazia! Si umetema sasa hivi? Si umenisamehe?"

"Nimekusamehe, Baba Klara. Ningekuwa bado na hasira ningebaki, tugombane mpaka uzeeni. Sasa sina cha kunizuia."

Akatoka zizini bila kugeuka, watoto nyuma yake. Nilibaki nyuma kidogo nikimfunga ndama wangu kamba, nikiwaza huenda huyu bwana sasa atawakimbilia wanawe, au walau atapiga funda la tatu, kibuyu kilikuwa miguuni pake. Alinisogelea, akainama sikioni kwangu.

"Hebu niambie," akanong'ona, "na Mageni naye anakwenda?"