Nani Atasema Tupande

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayoyakosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea nyundo kuliko kalamu, kwa hiyo naandika polepole na kufuta mara nyingi. Lakini kuongea mbele ya watu ndiyo siwezi kabisa. Mtu akiniuliza habari za machimbo kwenye kikao, natazama miguu yangu na kusema ni nzuri. Nimeona afadhali niandike.

Nimestaafu. Najua kijana wa umri wangu akisema hivyo watu hucheka. Hata mama yangu hucheka. Lakini kazi ya duara ina uzee wake. Duara ni shimo la dhahabu linalokwenda chini wima kama kisima, halafu huko chini linageuka na kuufuata mwamba. Nimesikia redioni kuna watu wanaosafiri kwenda sehemu ngumu kuliko zote duniani, kwenye barafu isiyoyeyuka, kwenye majangwa, kwenye vilele ambako hewa ni haba mpaka mtu anabeba ya kwake mgongoni. Mtangazaji alisema wanajiandaa kwa miezi mingi na daktari anawapima. Mimi sijavuka hata ziwa. Safari zangu zote zilikuwa za kwenda chini, na huko nako mwili wa mtu haukuumbiwa kukaa. Nataka wadogo zangu wanaomaliza shule na kuanza kuitazama barabara ya Katoro, ile ya machimboni, wajue tulivyokuwa tunasafiri.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa bado juu ya ardhi. Ilikuwa Katoro, kwenye karasha, yaani mashine inayosaga mawe ya dhahabu yawe unga. Msimamizi wa karasha alikuwa mtu mfupi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, akanipa koleo na kipande cha kanga nijifunge puani. Hakuniuliza jina. Mchana akina mama waliotuletea ugali walinitania kwamba mimi ndiye mfanyakazi bora kuliko wote, kwa sababu nimefanana na mashine ila sipigi kelele. Jioni nilikohoa kitu cha rangi ya majivu, nikaogopa, nikakifukia kwa mguu mtu asione.

Baadaye nilipata kazi ya winchi kwenye mlima mmoja upande wa Masumbwe. Winchi yetu haikuwa ya umeme. Ni gogo lililolazwa juu ya mdomo wa duara, lina mikono miwili ya chuma, na kamba imezungushwa juu yake. Watu wawili wanazungusha, mifuko ya mawe inapanda, au mtu anapanda. Anayepanda huweka mguu kwenye kitanzi na kuishika kamba kifuani. Chini hakuna simu. Kulikuwa na uzi mwembamba uliofungwa juu kwenye kopo la rangi lenye kokoto. Ukivutwa mara mbili, vuta mawe. Mara tatu, vuta mtu. Ukitikiswa bila mpango, hapo ndipo moyo unapokwenda mbio.

Mkuu wa winchi alikuwa mcheza ngoma, mtu wa sauti kubwa, lakini kamba ikiwa na mtu alinyamaza na kutunyamazisha wote. Aliniambia siku nilipoanza: "Aliye chini hana mama wala baba. Ana wewe tu na hilo kopo." Tangu hapo sikuweza kula vizuri. Nikiwa na kijiko mkononi nilikuwa nalitazama kopo. Kamba ikiwa nyepesi nilidhani mtu ameanguka. Ikiwa nzito nilidhani amezimia. Wenzangu walisema nitakufa kwa kuwaza kabla sijashuka.

Aliyenishusha ni Mzee wa Matimba. Matimba ni magogo yanayopangwa ukutani ili duara lisibomoke, na yeye ndiye aliyekuwa anayapanga na kuyakagua. Aligonga kila gogo kwa nyuma ya shoka, akitega sikio. Alihitaji mtu wa kumshikia, na alinichagua mimi kwa sababu siongei. Aliniita nyanda, kwa Kisukuma maana yake kijana, na asubuhi alinisalimia "mwangaluka" kama mtu wa nyumbani kwao. Nilimpenda tangu siku hiyo.

Nieleze safari yenyewe. Ukianza kushuka, mbingu iliyo juu yako ni kubwa kama ungo. Kisha inakuwa kama sahani, kisha kama kifungo cha shati. Hapo juu kuna ubaridi kidogo wa udongo, lakini kadiri unavyoshuka joto linakuja, joto lisilo na jua, linalotoka kwenye mawe yenyewe. Jasho linakutoka ukiwa umesimama tu. Kuna harufu ya baruti ya jana, na maji yanadondoka mahali usipopaona. Chini kabisa unageuka na kuingia kwenye njia ya pembeni, unatambaa, na kifungo cha mbingu kinapotea.

Hewa tuliipata kwa mrija mpana wa nailoni, ulioning'inia kutoka juu mpaka chini. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeshonewa turubai na kusimamishwa kwa miti ili ukamate upepo. Upepo ukivuma, mrija unajaa kama utumbo wa ng'ombe na chini mnapumua. Upepo ukitulia, mrija unalegea. Mzee wa Matimba hakuamini tochi za kichwani peke yake, kwa sababu tochi huwaka hata penye hewa mbaya. Alikuwa anawasha mshumaa na kuuweka kwenye jiwe. Mwali ukisimama vizuri, tunafanya kazi. Ukisinyaa na kugeuka mwekundu, hewa imeanza kwisha, na mtu hana muda wa kujadili.

Na sasa nifike kwenye desturi, maana humo ndimo jambo lilimotokea. Neno la kupanda lilikuwa la mkubwa. Mkubwa ndiye husema "tupande", na mdogo huitikia. Mdogo akilitamka kwanza ni kama kijana anayenawa mikono na kuanza kula kabla ya baba mkwe. Hakuna atakayempiga, lakini litazungumzwa. Nami nililelewa vizuri, tena nina haya.

Ilikuwa kiangazi, kabla ya mvua za kwanza, siku isiyo na upepo kabisa. Tulikuwa tunabadilisha gogo lililooza ndani ya njia ya pembeni. Mzee anapima, mimi nakata. Nilipoinua macho nikaona mwali wa mshumaa umesinyaa, umekuwa kama mbegu ya boga. Nikamtazama mzee. Naye alikuwa ameshautazama mshumaa, akanitazama mimi. Nikashusha macho kwenye msumeno, kama mtoto anavyopaswa kushusha macho. Tukaendelea.

Nilikuwa nangoja neno lake. Kichwa kilianza kubana, kama mtu amekifunga kwa kamba mbichi. Nikasema moyoni, mzee amefanya kazi hii tangu sijazaliwa, anajua anachongoja. Nikakata tena. Mkono ulikuwa mzito, na msumeno ulitoka nje ya alama. Mshumaa ukazimika. Haukupepea hata kidogo. Tukabaki na tochi, na mzee hakusema kitu. Aliketi chini taratibu kama anayepumzika, akawa anapapasa ukuta akitafuta gogo ambalo tayari lilikuwa mkononi mwake.

Kisha akaniita kwa jina la mwanawe. Mwanawe yuko Shinyanga, hajawahi kushuka duarani. Akasema, "Umewafunga ng'ombe?"

Hapo niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikataka kusema tupande, na mnaweza msiniamini, lakini hata hapo lile neno lilikwama. Sikulisema. Nilitambaa mpaka kwenye uzi na kuuvuta mara tatu, nikarudi nikamkokota mzee kwa makwapa mpaka chini ya mdomo wa duara. Kitanzi kikashuka. Hewa pale haikuwa nzuri zaidi. Mrija ulikuwa umelegea kama nguo iliyoanikwa.

Nilimwonyesha kitanzi. Akatikisa kichwa.

"Panda wewe, nyanda."

"Tangulia, mzee."

"Mimi ndiye niliyekuleta. Siwezi kukuacha chini nikapanda."

"Na mimi siwezi kukutangulia."

Tulikuwa watu wawili tusio na hewa, tunakaribishana kama tuko mlangoni. Angekuwa na nguvu tungebishana mpaka tuishe. Lakini mkono wake uliteleza kwenye bega langu, nikajua hawezi kunizuia. Nikamfunga. Kitanzi nilikipitisha chini ya makwapa, si mguuni, kwa kuwa miguu yake haikuwa ya kuaminiwa, na mkanda wangu nikaufunga kuizunguka kamba na kifua chake. Nikavuta uzi. Alipanda akizunguka polepole, akigonga ukuta, na udongo ukanidondokea usoni.

Nilibaki. Niliweka mdomo kwenye mrija nikavuta, nikapata ladha ya nailoni tu. Nilitazama juu, na mzee alikuwa ameziba kifungo cha mbingu. Niliwaza mkanda wangu ni mkuukuu. Niliwaza akiteleza ataniangukia, na kwamba hilo lingekuwa afadhali kuliko kubaki namsikiliza. Kisha mrija ukatikisika usoni pangu, ukajaa, ukalegea, ukajaa tena. Juu, baada ya kumpokea mzee, walikuwa wameshusha turubai na kulipiga kama mtu anayepepea moto kwa upande wa kanga, wakisukuma hewa kwa mikono. Nililia hapo, na kamba iliposhuka nilikuwa bado nalia.

Juu walitulaza chini ya kibanda. Mkuu wa winchi alikuwa anatutukana huku akitumwagia maji, na machozi yanamtoka. Alituuliza tulikuwa tunangoja nini huko chini, basi la Kahama? Baada ya muda mrefu mzee alifungua macho akanitafuta.

"Mshumaa uliuona?"

"Niliuona, mzee."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakungoja wewe."

Alifumba macho tena. Nilidhani amelala. Kisha akasema, "Mimi nilikutazama wewe nikaona umetulia. Nikasema, mtoto hajachoka, mimi mtu mzima nitaanzaje."

Mkuu wa winchi aliposikia hayo alikaa kimya, kimya cha kamba yenye mtu. Kesho yake aliweka sheria. Katika duara lile, mdogo kuliko wote ndiye atakayesema tupande, na akishasema hakuna kuuliza kwa nini. Mdogo nilikuwa mimi. Mwanzoni nililisema kwa sauti ndogo mpaka mzee akaniambia nilirudie. Kisha nikawa nalisema mapema mno, mshumaa ukitikiswa tu na pumzi yangu mwenyewe. Wenzangu walisema nina mapafu ya kifaranga. Walisema nikishuka mimi, mawe yanapumzika. Nilivumilia, kwa sababu mzee kila mara alichukua shoka lake na kupanda bila kusema neno.

Sheria haikudumu. Mwamba ulipopotea, kundi letu lilivunjika, mimi na mzee tukahamia machimbo madogo upande wa Bulyanhulu, na huko tulikuta watu wengine na mkuu mwingine. Nilipoieleza desturi yetu, mkuu yule aliuliza kama duara ni chekechea. Nilifanya kazi pale kwa muda. Lakini nilikuwa nikishuka nasikia kichwa kinabana kabla hata sijafika chini, na nyumbani sikuweza kulala mlango ukiwa umefungwa. Siku moja niliweka mguu kwenye kitanzi, nikautoa. Nilimwambia mkuu nimestaafu. Hilo nalo nililisema kwa sauti ndogo, lakini alilisikia.

Sasa nalima mpunga na kuchunga ng'ombe wa mama. Nikipita karibu na kisima cha jirani nakaa mbali na ukingo. Watu wananiuliza kama nakumbuka machimbo. Nakumbuka mawe yalivyong'aa tulipoyamwagia maji, na vicheko vya chini, maana chini watu hutaniana kuliko juu. Mtu aliyefika huko hawezi kusema hakuona kitu. Ila sitamshauri mtu aende, wala sitamwambia asiende huku nikijua nyumbani kwao wanakula mara moja kwa siku.

Mzee wa Matimba bado anashuka. Nilikwenda kumwamkia mwezi uliopita. Alinipokea vizuri, ingawa siku hizi anasahau maneno katikati ya sentensi. Alikuwa na kijana aliyechukua nafasi yangu, mwenye mke na mtoto mchanga. Kijana yule aliniletea maji kwa mikono miwili, akainama, akaenda kukaa pembeni asiseme neno mpaka aulizwe. Amelelewa vizuri sana.

Nilijikaza nikamuuliza, mshumaa ukisinyaa, ni nani kati yenu anayesema tupande? Alimtazama mzee kwanza. Mzee akamjibia: "Tunasikilizana tu."

Ndiyo maana nimeandika. Ninyi mlio kwenye machimbo, na ninyi mliowahi kuwa huko, niandikieni. Niambieni kwenu neno hilo ni la nani, na kama ni la mkubwa peke yake, mdogo mwenye haya anafanya nini. Msijali mwandiko. Majibu yenu sitayasoma mbele ya watu, hilo siliwezi. Nitampelekea kijana yule mkononi, siku ambayo mzee hayupo karibu. Tafadhali msichelewe, maana wanashuka kila siku isipokuwa Jumapili.