Mahindi na Karatasi ya Mchana

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, mahindi yetu yalikauka shambani wiki ile ile tulipoanza mtihani. Sijui ni nani hupanga tarehe za mitihani, lakini huyo mtu hajawahi kuanika mahindi. Kwetu, nje kidogo ya Eldoret kwenye barabara ya kwenda Moiben, mwisho wa mwaka watu wote wana kazi moja, nayo ni kulifukuzia jua.

Tulikuwa wawili nyumbani, mama na mimi. Baba ni fundi wa malori kule Turbo na huja Jumamosi. Kukiwa bado na giza tulikamua ng'ombe, mama akapeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, mimi nikapika chai na kuosha vyombo. Nilikuwa nimebandika ratiba ya kusoma juu ya kitanda changu, nimeipaka rangi tatu. Ilikuwa nzuri sana kuitazama. Sikuifuata hata siku moja.

Jua likichomoza tuliburuta magunia hadi uani na kumwaga mahindi kwenye turubai. Kuanzia hapo, kazi yangu ilikuwa mvua. Siku zisizo na karatasi ya mtihani nilikaa kwenye kigoda na kitabu mapajani, jicho moja kwenye maandishi na jingine mawinguni. Mara kwa mara nilivua ndala na kuyapitia mahindi kwa miguu ili upande wa chini nao upate jua, huku nikijikaririsha historia kwa sauti. Kuku wetu walikuwa werevu. Walijua kabisa ni saa gani nimezama kwenye aya ngumu, na hapo ndipo walipokuja.

Mvua haikuwa mchezo kwetu. Mwaka uliotangulia ilitukuta sote tukiwa matangani. Mahindi yakaloa, yakaota kuvu, na sehemu tuliyofikiri tumeiokoa ikatupa ugali mchungu kwa miezi mingi. Mama aliupika, nasi tukaula hivyo hivyo. Isitoshe, bega lake la kulia lilikuwa linamsumbua, na gunia halikuwa likiinuka bila mtu wa pili. Nilikuwa mimi huyo wa pili.

Karatasi ya pili ya historia ilikuwa ya mchana. Asubuhi hiyo nilitoka mapema ili nipitie madaftari na wenzangu, nikamwacha mama akiwa bado kwenye zizi la ng'ombe. Jua lilikuwa kali tangu mapema, jua ambalo kila mkulima huliombea. Nilitembea kwenda shule nikijua kwamba mahindi yote yatakuwa nje.

Historia niliipenda kuliko masomo yote. Niliandika kwa raha, mkono ukikimbia, hadi nikafika swali la mwisho. Hapo tone la kwanza likagonga mabati ya ukumbi. Halafu la pili. Vichwa vikainuka ukumbi mzima, maana karibu sote tulitoka kwenye nyumba zenye turubai uani. Hata msimamizi alikuwa amesimama dirishani.

"Angalieni pepa zenu," akasema bila kugeuka. "Hata mimi mahindi yangu iko nje."

Wengine walicheka, wakainama tena. Mimi sikuweza. Mvua ilishuka yote kwa pamoja, na kila nilipoishika kalamu nilimwona mama akivuta turubai kwa mkono mmoja, upepo ukimpokonya. Niliandika sentensi mbili za jibu, nikakata moja. Nilikuwa na hasira na mvua, na shule, na baba aliye Turbo, na mama mwenyewe kwa kuwa na bega bovu. Karatasi zilipokusanywa, ukurasa wangu wa mwisho ulikuwa karibu mweupe wote.

Nilikimbia hadi nyumbani, sketi imenata magotini. Uani hapakuwa na kitu. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri chini ya ukingo wa paa, kavu. Magunia yalikuwa sebuleni vile vile tulivyoyapanga jana yake, yamefungwa. Mama alikuwa jikoni anachochea moto.

"Mahindi umeitoa saa ngapi?" nikauliza nikihema.

"Sikutoa nje leo."

"Na hiyo jua yote?"

"Si ulikuwa na pepa? Wewe ukisikia mvua kwa mabati huwezi andika kitu. Nakujua." Akanisogezea kigoda. "Baba yako amenigombeza kwa simu juu ya hiyo mahindi mpaka nikachoka. Kaa, ukauke. Pepa ilikuwa aje?"

Nilitaka kumwambia ilikuwa nzuri. Badala yake nililia, nikamweleza yote, hadi ule ukurasa mweupe. Mama aliacha kuchochea.

"Kwani sikukuambia?"

"Hukuniambia, mama."

Aliweka ukuni chini. Kisha akanimiminia chai, akaongeza maziwa hadi kikombe kikafurika.

Karatasi iliyofuata, alinisubiri langoni na ndoo ya maziwa mkononi. "Leo sianiki," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa tangazo. Akasema hivyo asubuhi ya kila karatasi iliyobaki, nami nikaandika hadi kengele.

Historia ilinipa alama ya chini kuliko nilivyostahili, na bado inaniuma kidogo. Lakini nilipita, na sasa nasoma chuo Nairobi, mahali ambapo mvua hunyesha na hakuna anayeinua kichwa. Juzi tulikuwa na mtihani, mwezi wa nne. Wakati huo kwetu ndiyo kwanza watu wanapanda, hakuna hata punje moja ya kuanikwa. Asubuhi simu yangu ikalia.

"Leo sianiki," akasema mama.

Nikamwambia asante, nikaingia.